Meno yangu yana rangi, shimo hakuna

Juzi niliweka picha nikiwa Dunga nakula samaki, nimecheka mpaka magego yangu ya kahawia yanaonekana, alafu kuna mtu akanitumia meseji: "Dada, unatufunza mambo ya afya na mswaki huujui?" Nimekaa na hiyo kitu moyoni siku mzima. Sasa nimeamua kumjibu hapa hapa na wengine wote wenye hilo swali wasome.

Mimi nimezaliwa na kulelewa upande wa Nakuru, nyumbani tulikunywa maji ya kisima kirefu. Mawe ya huko Bonde la Ufa ni ya volkano na yanaachilia madini ya floridi kwa wingi kwa maji, sehemu zingine inapita mbali kile kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Ukiyanywa ukiwa mtoto, wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanatoka tayari na hiyo kahawia. Hata usugue na mchanga haitoki. Shule ya msingi hakuna aliyenicheka manake sote tulikuwa hivyo. Nilipokuja Kisumu kusoma ndio nikajua nina shida, rafiki wa chumbani akaninunulia dawa ya meno kama zawadi, na hakuwa na ubaya wowote, hiyo ndio iliuma zaidi. Hadi nilipopelekwa Siaya kwa mama mkwe mara ya kwanza nilicheka mdomo umefungwa kama mtu ameshika maji.

Wiki iliyopita nimeenda kwa daktari wa meno kuangaliwa tu, siumwi na chochote. Akapitisha kile kioo chake kidogo jino moja moja, akagonga, akaangalia tena, akaniambia hakuna la kuziba wala la kung'oa. Na niko na watoto wawili na miaka yangu si haba. Mwenzangu wa kazini mwenye meno meupe yale ya tangazo ameshang'olewa gego na lingine linamlaza macho. Kwa hivyo rangi ni kitu kingine na kuoza ni kitu kingine jamani. (Sisemi floridi nyingi ni nzuri, ikizidi sana jino linachimbika na linaweza kuoza pia.)

Huyo mwenzangu si mchafu. Anapiga mswaki kila asubuhi. Shida ni kile kikombe cha chai hapo mezani, sukari vijiko viwili, anapiga funda moja, anaandika, funda lingine, mpaka saa sita, na kati hapo kuna biskuti, alafu soda ya mchana nayo hadi jioni. Bakteria walio kwa ule utando wa meno wanakula hiyo sukari na kutoa asidi, na pH mdomoni (kipimo cha asidi, kikishuka ujue asidi imezidi) ikienda chini ya 5.5 jino linaanza kupoteza madini. Mate ndio yanarudisha hali, lakini yanahitaji kama nusu saa hadi lisaa. Sasa wewe ukipiga funda kila dakika kumi, mate yatafanya kazi saa ngapi? Mimi chai nakunywa, tena tamu, lakini naimaliza nikiwa nimekaa na mandazi yangu, ikiisha imeisha, baada ya hapo ni maji. Hesabu mara ngapi sukari inaingia mdomoni, usihesabu vijiko tu. Na watu wa Mumias msiniambie miwa ni ya asili, bakteria hajui mambo ya asili. Crisps pia, wanga unang'ang'ania kwa magego hata kama hausikii utamu.

Ya pili ni usiku. Ukilala mate yanapungua kabisa, kwa hivyo mswaki wa usiku ndio usiwahi kuruka, hata kama stima zimepotea, hata kama umetoka matanga umechoka. Dakika mbili, dawa yenye floridi, pakiti iwe imeandikwa ppm (kipimo cha floridi iliyo ndani) 1000 hadi 1500, na ukimaliza tema tu, usisukutue na maji mengi, unaosha ile dawa uliyonunua na pesa yako. Najua mtasema floridi hiyo hiyo ndio imeniharibu rangi. Hiyo ni ya kumeza utotoni, hii ni ya kupaka na kutema. Ndio maana mtoto chini ya miaka mitatu anawekewa kama punje ya mchele, na wa mitatu hadi sita kama njegere, na unasimama hapo uone anatema.

Wazazi nanyi mnaniudhi. Mtoto analala na chupa ya chai ya maziwa mdomoni, ukiambiwa unasema si ni meno ya utoto, yatang'oka. Kuna gego la ukubwani linatoka mtoto akiwa na kama miaka sita, nyuma kabisa, na halisubiri lolote ling'oke, linatokea kimya kimya. Wengi wanadhani ni la utoto, wanaliacha lioze, na hilo halina lingine la kulirithi. Leo jioni washa tochi ya simu, mwambie aseme aaa, hesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma. Ni la sita.