Mifupa, Magombo na Maiti: Maswali Yenu Kuhusu Riwaya za Upelelezi za Mafumbo ya Dini

Maswali ni mengi na mengine yanafanana, nimechagua haya saba.

Kaka habari. Kwenye riwaya niliyomaliza juzi mtaalamu anakwangua gombo la ngozi, anapima kaboni halafu anatamka kwamba limeandikwa mwaka 33. Hii kitu inawezekana kweli?

Haiwezekani, na hapo mwandishi kakosea mara mbili kwa mpigo. Kwanza kipimo cha kaboni 14, kile cha kujua umri wa kitu kilichowahi kuwa hai, hakikupi mwaka mmoja, kinakupa kati ya mwaka fulani na fulani. Ile Sanda ya Turin, kitambaa kilichopo Italia ambacho wengi wanaamini ndo alizikiwa nayo Yesu, ilikatwa kipande 1988 kikagawiwa maabara tatu, Oxford, Zurich na Arizona, jibu likaja kwamba kitani chake ni cha kati ya 1260 na 1390, na mpaka leo kuna watu wanabishia ile kona iliyokatwa, wanasema ilikuwa imetiwa viraka. Ubishi wa hivyo ndo riwaya nzuri inajengwa juu yake, sio jibu la mkato. Pili, na hili ndo kubwa, kaboni inapima ngozi, haipimi maneno. Inakwambia mnyama alikufa enzi gani au mmea ulivunwa enzi gani, basi. Mwaka 2012 ilitangazwa kule Roma karatasi ndogo ya mafunjo yenye maandishi ya Kikopti, lugha ya kale ya Wakristo wa Misri, ambayo ndani yake Yesu anasema "mke wangu", ikawa habari dunia nzima, na mafunjo yenyewe yalipopimwa yakakutwa ni ya kale kweli, zaidi ya miaka elfu moja. Sasa shida ikawa kwenye maandishi: yalikuwa na kosa lilelile la uchapaji lililokuwepo kwenye nakala ya Injili ya Tomaso, maandishi ya kale yasiyomo kwenye Biblia, iliyowekwa kwenye intaneti. Mtu kachukua mafunjo ya zamani kaandika juu yake juzi juzi tu.

Mbona kwenye sinema majibu ya DNA yanatoka kabla mpelelezi hajavua glavu?

Ili stori isilale. Ila mwandishi wa riwaya ana kurasa za kutosha, hana sababu ya kukimbilia hivyo. Halafu mfupa wa miaka mia nane DNA yake imekatikakatika vipande vidogo sana, na kama ni masalia ya mtakatifu jua yameshikwa na kubusiwa na mahujaji karne na karne, kwa hiyo unaweza ukapima ukapata DNA ya padri aliyefuta vumbi mwaka jana. Na hata ukipata safi, utailinganisha na ya nani?

Kuna kesi ya kweli iliyowahi kuwa kama riwaya hizi, yaani hati za dini, mauaji, maabara, vyote pamoja?

Ipo, na naomba kila anayetaka kuandika aina hii aisome kwanza. Salt Lake City, Marekani, Oktoba 1985. Siku moja mabomu mawili yanaua watu wawili, kesho yake la tatu linalipuka ndani ya gari la muuza hati za kale anaitwa Mark Hofmann, anajeruhiwa vibaya. Mwanzoni anaonekana ni muathirika wa tatu. Huyu jamaa miaka kadhaa alikuwa anauza hati zinazohusu mwanzo wa kanisa la Mormoni, nyingine zikitikisa imani yenyewe, ikiwemo barua ya 1830 iliyodai kwamba mabamba ya dhahabu, yale ambayo Wamormoni wanaamini kitabu chao kitakatifu kilitafsiriwa kutoka kwake, yalilindwa na roho iliyojigeuza mnyama kama mjusi mweupe. Wataalamu wakubwa walikuwa wamezipitisha.

Kilichomkamata ni wino. Wachunguzi wa hati waliweka karatasi chini ya hadubini, wakaona wino wa zilizopitia mikononi mwake umepasukapasuka kama ngozi ya mamba, wakati hati nyingine za enzi zilezile ambazo hazikupitia kwake wino wake ulikuwa laini. Wino ule wa kizamani unachanganywa na gundi ya mti, ukiuzeesha haraka kwa kemikali gundi inakauka vibaya na kuchanika. Basi kumbe hati feki, madeni yanambana, wanunuzi wanataka mzigo waliolipia, akaona bora aue apate muda. 1987 alikiri akahukumiwa kifungo cha maisha.

Angalieni sababu ya mauaji pale, jamani. Hakukuwa na siri ya kupindua dunia, kulikuwa na deni. Riwaya nyingi zinanipoteza hapohapo, zinataka muuaji awe analinda siri ya miaka elfu mbili wakati binadamu anaua kwa hela, aibu na cheo.

Na zile jumuiya za siri zinazolinda damu ya kifalme tangu Vita vya Msalaba?

Ile maarufu kuliko zote, Priory of Sion, iliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na bwana Pierre Plantard na wenzake, halafu nyaraka za kughushi zikapenyezwa kwenye maktaba ya taifa Paris ili zionekane za kale. Kwangu mimi huyo aliyepenyeza karatasi maktaba anavutia kuliko jumuiya yenyewe.

Mimi ni muumini, najisikia vibaya kusoma, kama vile natukana dini. Unasemaje?

Nakuelewa kabisa. Kipimo changu ni hiki: mwandishi anawaheshimu wanaosali ndani ya hadithi yake au amewafanya wote wajinga na wabaya? Wakiwa wote wabaya, weka kitabu chini. Lakini mpelelezi anayefichua masalia ya uongo hajaigusa imani, kamgusa tapeli, na tapeli wa vitu vitakatifu anawaibia waumini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Naandika yangu: mifupa ya mtakatifu kanisani inagundulika sio yake. Mpelelezi wangu aanzie wapi?

Aanzie kwenye makaratasi, sio maabara. Mifupa imetoka kwa nani kwenda kwa nani, na ni miaka ipi haina maelezo. Kuna masalia yaliyosemekana ni ya Joan wa Arc, shujaa wa Ufaransa aliyechomwa moto Rouen 1431, ila yenyewe yalijitokeza 1867 kwenye dari ya duka la dawa Paris. Zaidi ya miaka mia nne hayajulikani yalikuwa wapi! Timu ya daktari Philippe Charlier ikayachunguza na 2007 wakatoa majibu: ubavu wa binadamu na mfupa wa paja wa paka, weusi wake sio wa moto bali wa dawa za kuhifadhia maiti, na umri ni kati ya karne ya 3 na ya 6 kabla ya Kristo. Ni mumia wa Misri, yaani maiti ya kale iliyokaushwa isioze. Kitu nilichokipenda kuliko vyote, waliita wanusaji wa viwanda vya manukato, wakasikia harufu ya vanila, ambayo inatokana na mwili unaooza taratibu na sio uliochomwa. Onyesho kama hilo lipe kurasa kumi, mpelelezi wako ainame, anuse, anyamaze.

Kitabu chenye sumu kinaweza kuua kweli?

Sumu ipo. 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Denmark walikuwa wanatafuta maandishi ya kale kwenye majalada ya vitabu vitatu vya karne ya 16 na 17, rangi ya kijani ikawa inawazuia kusoma, wakapiga miale ya eksirei wakakuta ina aseniki, sumu kali. Haikuwa mtego, inawezekana mtu aliipaka kufukuza wadudu tu. Kwa hiyo ukitaka mtu afe kwa kitabu mpe muda mrefu wa kukishika na tabia ya kulamba kidole kila akigeuza ukurasa, asidondoke sura ya kwanza.