Mpangaji Ameaga Lakini Hafungi Mizigo

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Mpangaji wako wa Mtwapa alikupa notisi mwenyewe kwamba mwisho wa mwezi anahama. Sasa imebaki wiki moja, na jirani anakwambia hata sanduku moja hajafunga. Nawe ushapokea dipositi ya mama mwengine anayengoja kuingia. Waniuliza kama tarehe moja waweza kubadilisha kufuli.

Huwezi. Muulize ami yako. Alimng'olea mpangaji mabati kule Kisauni, akidhani atatoka usiku huohuo. Yule bwana akatandika turubai, akalala, asubuhi akaenda kushtaki. Aliyekuwa akipanda matatu kila mara kwenda kusikiza kesi ni ami yako, na mabati akayarudisha kwa pesa zake. Wala usimpelekee dalali wa mnada. Huyo hukamata vyombo vya mwenye deni la kodi, na wako hadaiwi hata senti.

Kabla ya yote, nenda ukaonane naye. Usipige simu, nenda. Nimepangisha miaka mingi, na wengi niliowaona wakikwama hawakuwa wakaidi. Nyumba mpya yataka dipositi na kodi ya mwezi wa kwanza kwa pamoja, na pesa zake za dipositi umezishika wewe. Wewe wamwambia hama kwanza nikurudishie, naye hana cha kuhamia. Kwa hivyo kagueni nyumba pamoja wiki hii, mkubaliane rangi ni kiasi gani na kioo kilichovunjika ni kiasi gani, muandike, mtie sahihi. Siku ya kuhama, lori likishapakiwa, akupe ufunguo nawe umtumie salio lake kwa M-Pesa palepale mlangoni. Mimi hufanya hivyo, na si kwa huruma tu.

Akisema aongezewe wiki mbili, muandikieni tarehe na malipo ya siku hizo. Hapo ndipo uwe macho. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 chasema ukiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya upangaji kwisha, huhesabiwa mmeanza upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake ya kwanza haitakufaa kitu. Pesa za simu huingia hata kama umelala, kwa hivyo angalia kila zinapoingia, na zile usizokubaliana nazo zirudishe. Akibaki bila idhini yako, masharti ya mkataba, kodi ikiwemo, yaendelea kumfunga mpaka atoke.

Akikataa kabisa, tafuta wakili akuandikie barua, kisha mahakamani. Lile baraza linaloamua kesi za kodi za nyumba ni la nyumba zisizozidi kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi, na yako imepita hapo mbali. Weka ile notisi aliyokutumia. Kama iko kwenye simu tu, ichapishe leo.

Lililonikera ni hiyo dipositi ya yule mama. Umeuza chumba ambacho mtu bado analala ndani. Mpigie leo, mwambie ukweli, na akitaka pesa zake mrudishie zote. Akiweza kungoja, chumba changu cha uani ki wazi hadi tarehe 15, aje na watoto wake. Ila stima atajinunulia tokeni mwenyewe.

Mamako