Kapiteni hawi majoru kwa fotokopi

SWALI: Jambo, Baba Karani. Mtoto wangu ni kapiteni, mwaka wa tisa sasa. Bwana mmoja alifika hapa nyumbani na fotokopi, akasema jina la mtoto liko kwenye orodha ya mamajoru, ila tutoe dola 400 "lisianguke". Nimekwisha kuuza friji. Sheria inasema nini? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Pole sana, mama. Pesa ya friji kama ungali nayo, ifunge, usimpe mtu.

Kapiteni bado ni ofisa wa chini. Majoru, liteni-koloneli na koloneli ni maofisa wakubwa, na juu yao majenerali. Hao wote, kwa kifungu cha 81 cha Katiba ya 2006, huteuliwa na Rais wa Jamhuri. Kwanza serikali inapendekeza majina baada ya kuyajadili katika Baraza la Mawaziri, na Baraza Kuu la Ulinzi linasikilizwa. Kisha kifungu cha 79 kinadai sahihi ya pili kwenye ordonansi, yaani amri ya Rais; sahihi hiyo ni ya Waziri Mkuu.

Nakuomba uishike hiyo sahihi ya pili. Nilipokuwa karani wa korti ya askari, mke wa kapiteni mmoja aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kitenge. Muhuri ulijaa wino hata maandishi yake hayasomeki. Jina la mumewe lilipigwa kwa herufi nene kuliko za wenzake. Sahihi ilikuwa moja tu. Nilipomwambia, alikaa kwenye benchi ya koridoo mpaka tukafunga ofisi. Naandika kwa ukali kwa sababu yake.

Sifa zenyewe ziko kifungu cha 189: mwili wenye afya, elimu ya kutosha, tabia iliyothibitishwa, na majimbo yote kuwakilishwa kwa haki. Hili la mwisho watu wa hapa hulipindua wakasema "ni kabila". Katiba imetaja majimbo, na ni 26. Miaka mingi peke yake haimo katika kifungu kile, mama, ingawa najua inauma kungoja. Mambo ya kupanda cheo yamepangwa katika sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013, ile ya hali ya mwanajeshi. Mwanao aitafute, kisha ahakikishe vyeti vyake vya masomo vimo kwenye dosie yake. Wengi huviacha nyumbani ndani ya valizi.

Tena, akikabidhiwa kikosi kesho asidhani amepata cheo. Kazi ni kazi, na cheo kinangoja ordonansi yake.

Ordonansi za namna hii husomwa RTNC, televisheni ya taifa, watu wote wakasikia. Bwana yule akirudi, mwulize namba na tarehe ya ordonansi, uandike mbele ya macho yake. Fotokopi ikiwa mkononi mwako usimrudishie. Mwanao aipeleke kwa auditora wa kijeshi, ndiye mwendesha mashtaka wa askari.