Kipimo kinasema ana malaria, hadubini inasema hana: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu waliotangulia, na naona uzi umeshaanza kuelekea kwenye mizizi na maji ya mlonge. Ngoja niuvute kidogo. Nimefanya kazi ya maabara mkoani Tanga mpaka nilipostaafu, na kesi kama yako tulikuwa tunakutana nayo kila msimu wa mvua.

Kwa wanaoingia sasa: mtoto wa dada yake, miaka minne, alimaliza dawa ya mseto ya malaria kama wiki mbili nyuma. Juzi kaanza mafua na joto, zahanati wakampima kwa kile kipimo cha haraka, mistari miwili. Wakaenda kwingine, wakapima BS, yaani damu kwenye hadubini, majibu hakuna vimelea. Bibi anasema ni malaria sugu, shemeji anasema kinga imeshuka, na mleta mada anauliza nani mkweli na haya maneno ya kwenye karatasi yana maana gani.

Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Kipimo cha haraka hakimtazami mdudu. Kinanasa protini ambayo kimelea cha malaria anaimwaga kwenye damu, na kitu chochote cha aina hiyo ambacho mwili unakitambua kuwa kigeni huitwa antijeni. Dawa ikishaua vimelea, ile protini haiondoki siku hiyohiyo, inabaki ikizunguka kwa wiki kadhaa, na kwa wengine hupita mwezi. Ukikuta maganda ya machungwa stendi ya Muheza, utajua yaliuzwa machungwa, lakini muuzaji huenda kashapanda basi. BS ni kitu kingine: tone nene la damu kwenye kioo, linapakwa rangi ya Giemsa, mtu anakaa kwenye hadubini na lenzi ya mafuta anamsaka mdudu mwenyewe, kijidoa cha zambarau na utepe wa buluu pembeni. Aliyefundwa vizuri hatakiwi kuandika hakuna kabla hajapitia nyuga mia moja, yaani vipande mia vya kioo anavyovitazama kimoja kimoja kwa lenzi. Wapo wanaopitia kumi na kuita mgonjwa anayefuata, na hilo ni tatizo, lakini si la teknolojia.

Sasa maneno. Ukiyatenganisha manne, mengine yote yanakaa sawa. Kimelea ni kile kiumbe chenyewe kinachosababisha ugonjwa, kiwe virusi, bakteria, fangasi, minyoo au kijidudu cha seli moja kama huyu wa malaria. Maambukizi ni pale kinapoingia mwilini, kikakaa na kuongezeka. Ugonjwa ni pale mwili unapoharibika au kushindwa kazi yake. Dalili ni kile unachokisikia au anachokiona mganga: joto, kikohozi, vipele. Watu wengi huyafanya yote manne kuwa kitu kimoja, na nyumba nzima inagombana.

Nitawapa mfano wa kwetu. Vijiji vya pwani kuelekea Pangani tulikuwa tunatoa damu ya kupima matende, ule uvimbe wa miguu unaoletwa na minyoo, usiku kuanzia saa nne hivi. Vile viminyoo vichanga mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafu, usiku hupanda kwenye damu ya juu, saa ambazo mbu nao wanauma. Meza ya kuazima, karabai, watu wamejitanda khanga na wengine wanasinzia kwenye foleni. Anakuja mkwezi wa minazi, mwili wa chuma, hajui kuumwa. Unatoboa kidole, unaweka damu chini ya hadubini, unaona viminyoo vinajinyonganyonga na kusukuma chembe nyekundu huku na kule. Nyuma yake anakaa mama mwenye tende lililokomaa, ngozi ya mguu imekunjana mpaka vidole havionekani, na damu yake ni safi, huoni hata kimoja.

Mkwezi ana maambukizi, hana ugonjwa, angalau wa kuonekana kwa macho, maana minyoo mikubwa inaweza kuwa inaharibu mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, polepole na yeye hana habari. Mama ana ugonjwa, na minyoo huenda ilishakufa zamani. Kilichobaki ni mishipa iliyoharibika isiyoweza kurudisha maji, pamoja na bakteria wanaopenyea kwenye nyufa za ngozi na kumletea homa na maumivu kila mara. Ndiyo maana yeye husaidika zaidi na sabuni, maji, kukausha katikati ya vidole na kuinua mguu kuliko na vidonge vya kampeni vya kuua minyoo, wakati mkwezi ndiye hasa anayehitaji vile vidonge, na ndiye husema hanywi kwa sababu haumwi.

Kifua kikuu ni vilevile. Karibu robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa wameambukizwa bakteria wake, lakini katika hao ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100 watakaougua maishani mwao. Na VVU ni virusi, UKIMWI ni hali inayokuja baadaye virusi vikiachwa vile askari wa damu wanaoitwa CD4 wakapungua sana. Mtu anayekunywa dawa zake vizuri anaweza kuishi na VVU mpaka uzee bila kuuona UKIMWI.

Tuje kwenye kinga, maana hapo shemeji kaniudhi kidogo (samahani shemeji). Siku hizi kila anayechoka kinga imeshuka, na muuza vidonge vya kupandisha yuko mlangoni. Kinga si kitu kimoja chenye mita. Kuna ya asili uliyozaliwa nayo: ngozi, makohozi, asidi ya tumbo, chembe nyeupe zinazomeza chochote kigeni. Hii haichagui, inawahi, na ndiyo inayoleta fujo unayoiona. Joto la mwili hupandishwa na ubongo kwa amri ya chembe hizo. Usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa kazini. Mitoki ya kinenani ukiwa na kidonda mguuni ni tezi zilizovimba kwa kazi. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua na joto, kinga yake iko kazini, haijashuka.

Halafu kuna ya kujifunza. Mwili ukishakutana na antijeni fulani, hutengeneza kingamwili za kuikamata hiyohiyo tu, na kubaki na kumbukumbu. Chanjo hufanya kazi hapo: inaupa mwili somo bila kuupa ugonjwa. Chanjo ya kwanza ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, Oktoba 2021, sehemu ya majaribio yake makubwa ilifanyika hapa Korogwe na kule Bagamoyo. Kwa malaria somo hili huingia polepole na huisha. Mtu mzima aliyekulia Ngamiani, Tanga mjini, anaweza kutembea na vimelea vichache asisikie kitu, lakini akikaa Ulaya miaka kadhaa akarudi, anaugua kama mgeni. Kijana wa Lushoto anayeshuka pwani kusoma naye hulazwa mapema, kwa kuwa huko kwao juu mbu wa malaria ni wachache.

Vinavyoshusha kinga kweli vinajulikana: utapiamlo, VVU visivyotibiwa, kisukari kisichodhibitiwa, dawa za saratani, na surua, ambayo hufuta kumbukumbu za kinga mtoto alizokwisha kujiwekea. Mara nyingine kinga hukosea upande wa pili: ikishambulia vumbi au karanga tunaita mzio, ikishambulia viungo vya mwili wenyewe ndiyo mambo kama lupasi na baadhi ya baridi yabisi.

Bibi naye. Malaria sugu kwa maana sahihi ni kimelea kisichosikia dawa, si malaria inayojirudia. Kujirudia mara nyingi ni kuumwa na mbu mwingine, au dozi haikumalizwa.

Cha kufanya: mtoto akipata joto tena, mrudisheni kituoni, msipuuze kwa sababu BS ya juzi ilikuwa safi, vimelea vikiwa vichache vinaweza kupita. Mtajieni mhudumu tarehe aliyomaliza dawa ya mseto. Akianza degedege, kushindwa kunyonya au kula, au kulegea, hiyo ni usiku huohuo. Na msimpe amoksilini ya dukani kwa mafua, mafua ni virusi na amoksilini ni ya bakteria.

Umeuliza pia kuhusu kovu la chanjo ya kifua kikuu kutoonekana begani kwake. Baadhi ya watoto hawatoi kovu kabisa na chanjo imeingia vizuri. Kama kadi ya kliniki inaonyesha alichomwa, hachomwi tena.