Kopo la Rupia: Mama wa Mizani Anajibu

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu huku Nansio, Ukerewe. Babu ametuachia kopo lenye rupia kadhaa za Mjerumani na shilingi nyingi za simba, zile za wakati wa Mwingereza. Sonara mmoja mjini Mwanza anataka zote kwa bei moja ya gramu. Shemeji aliyeko Dar es Salaam anasema tuzipeleke mnadani Ujerumani, maana ameona rupia moja imeuzwa shilingi 200,000. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Bei moja ya gramu kwa kopo zima msiikubali hata kidogo. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 917 ni fedha, yaani madini ya silva. Fedha safi iliyomo ni gramu 10.69. Shilingi ya simba iliyotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu, yaani gramu 1.94. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Sasa mtu atazipimaje pamoja?

Zitengeni kwa mwaka, kisha muulize bei ya fedha safi siku hiyo. Kwa mfano tu, gramu ikiwa 4,000, rupia moja ina fedha ya shilingi 42,760, na shilingi ya simba ina ya 7,760. Sonara atakata kidogo, kwa kuwa naye ana gharama ya kuyeyusha na lazima ale. Hilo halina ubaya. Akitaja nusu, ondokeni.

Hiyo bado ni bei ya kuyeyushia. Mkusanyaji wa sarafu haangalii gramu peke yake. Rupia za 1890 hadi 1902 zina nembo ya kampuni ya Wajerumani, simba na mti wa jamii ya mitende. Za 1904 hadi 1914 zina thamani yake ndani ya shada la majani, pamoja na herufi ya mji zilikopigwa, A ya Berlin au J ya Hamburg. Mwaka na herufi vinaweza kupandisha bei, halafu inakuja hali ya sarafu: je, uso wa Kaisari wa Ujerumani ulio upande wa pili bado una mistari yake, au umelainika kwa kupita mikononi? Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni huanguka bei kwa wakusanyaji, ingawa fedha yake iko palepale. Na mkikuta moja kubwa ya gramu 23.32, ya 1893 au 1894, hiyo ni rupia mbili. Msiipeleke kwa sonara kabisa.

Nawasihi, msizisugue! Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote huondoa ngozi ya juu ambayo mnunuzi anaitafuta. Inaniuma kila ninapoletewa dirishani sarafu nzuri inayong'aa kama sufuria mpya, na mwenyewe anatabasamu.

Kuhusu shemeji: hiyo 200,000 aliyoiona huenda hakuna aliyeilipa wala aliyeipokea. Ikiwa ni bei ya nyundo, yaani ile dalali anayogongea nyundo kabla ya ada, na ada ya mnunuzi ni asilimia 20, aliyenunua alitoa 240,000. Muuzaji, akikatwa kamisheni ya asilimia 15, alipokea 170,000. Hapo 70,000 imebaki mnadani, na posta na bima bado. Kwa rupia ya kawaida iliyochakaa, safari hailipi. Kwa iliyo nzuri au adimu inalipa, ila mwombeni dalali aandike bei ambayo chini yake haiuzwi. Na kabla ya kutuma chochote nje, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale na forodha kuhusu kibali.

SWALI: Mama, nina reale ya Maria Theresa ya 1780 kutoka kwa bibi yangu wa Unguja. Si ina zaidi ya miaka mia mbili? Niuze milioni ngapi? — Bukoba.

JIBU: Pole mwanangu, mwaka huo hautoshi. Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki 1780, na sarafu zake zimeendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi nyakati zetu. Ipime: halisi ina gramu 28.07, na fedha safi gramu 23.4 hivi. Nyingi huuzwa karibu na bei ya fedha yake.

SWALI: Nataka kununua rupia kwenye mnada wa mtandaoni. Nitaje ngapi? — Kirumba.

JIBU: Anza na bei zilizouzwa, usianze na bei zinazoombwa. Tafuta mauzo kadhaa ya mwaka uleule, herufi ileile na hali ileile, uchukue ya katikati. Angalia pia kama ada ya mnunuzi imo ndani ya bei hizo au haimo, kwani minada haifanani. Ukiona inafaa kwako kwa 300,000 baada ya kutoa usafiri na ushuru wa forodha, na ada ni asilimia 20, gawa kwa 1.2: mwisho wako ni 250,000. Kiandike kiasi hicho kwenye karatasi kabla mnada haujaanza. Mwenzako akipita hapo, mwachie. Na ukishaipokea, ipime siku hiyohiyo. Ikiwa imepungua gramu moja nzima, huo si uchakavu wa kawaida, mwandikie dalali kabla muda wa kurudisha haujaisha.