Jasho Lililoharibu Piko

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Malindi. Ana miaka 48, ana duka lake la nguo, na mumewe ameshampeleka kwa mganga mara mbili kwa kuwa usiku anawaka moto na mchana hasemezeki. "Da, na wewe yalikupata haya? Au mimi nna jini?" Yalinipata, dadangu, na kwangu halikuwa jini: ilikuwa hedhi inakaribia kukoma. Nilitaka kumjibu mistari mitatu nilale zangu, nikajikuta naandika haya yote.

Wanaonifuata wanaijua kazi yangu: hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, hapa Lamu, mwaka wa 22 sasa. Nimewatia maharusi wa Mkomani, wa Langoni, wa Shela, na wanaovuka kutoka Mombasa. Mkono wangu hautetemeki, hilo nalisema bila haya. Ndiyo maana siku ile bado inaniuma.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imeshika. Chumba kina dirisha moja, feni ni moja nayo imeelekezwa kwa bibi harusi, wanawake wamejaa mkekani, udi wafuka, nje ngoma ya vugo ya wanawake yapigwa. Mkono wa kulia nimeshamaliza. Wa kushoto niko kwenye kifundo, nazungusha mstari mwembamba wa piko kama bangili. Moto ukaanzia kifuani, ukapanda shingoni, ukafika masikioni. Joto la chumba nalijua, nimezaliwa nalo. Hili lilitoka ndani, kama mtu kafunua chungu kinachochemka. Tone la jasho likaning'inia kwenye ncha ya pua. Naliona, lakini mikono yote miwili ina kazi. Likadondoka katikati ya waridi niliyoimaliza dakika ile ile, piko ikatanda, waridi ikawa doa.

Shangazi wa bibi harusi akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: "Tafuteni kijana amalizie. Huyu mama umri umemtupa." Wakacheka. Nilikuwa na miaka 47. Nimemsamehe? Nasema nimemsamehe.

Miaka miwili iliyofuata sitaisimulia yote. Duka moja la dawa waliniuzia dawa za malaria mara tatu bila kunipima hata mara moja, nami nikazimeza. Moyo ulinienda mbio njiani mpaka nikawa nakaa kwenye mabaraza ya watu nikijifanya nafunga kiatu. Baba watoto alihamia darini, juu ya nyumba, akisema kitanda kimekuwa tanuri. Usingizi ulikatika saa nane, nami nikikaa macho nikiipigia hesabu kauli ya yule shangazi. Hedhi nayo ilikosa miezi miwili, kisha ikaja ikakaa siku 20.

Siku 20 hizo ndizo zilizonitoa nyumbani. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na sikujua kama nisali au nisisali. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa darsa. Akanieleza kuwa kwa madhehebu yetu ya Shafii hedhi haivuki siku 15, na ikivuka mtu hurejea kwenye ada yake, yaani siku zake za kawaida, damu inayobaki ni istihadha, damu isiyo ya hedhi: unaoga, unasali. "Sasa ada yako ni siku ngapi?" Sikujua. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa muuguzi, naye swali lake la kwanza likawa, "Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?" Sikujua! Nakumbuka bei ya hina ya mwaka 2010, nakumbuka nani hakunilipa na kiasi gani, lakini tarehe za mwili wangu mwenyewe sinazo. Watu wawili, mmoja wa dini na mmoja wa dawa, wameniuliza jambo moja nikawatolea macho.

Basi ushauri wangu wa kwanza: nunua daftari. Andika damu imeanza lini, imekoma lini, ilikuwa nzito au nyepesi. Andika joto lilikupata saa ngapi na ulikuwa umekula nini. Kwa daftari nimegundua mchochezi wangu ni kahawa tungu ya jioni. Mwenzio huenda kwake ikawa pilipili. Bila kuandika utabahatisha mpaka uchoke.

Muuguzi alinieleza kuwa wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwi umekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila damu. Ikikatika kabla ya miaka 40 hiyo si kawaida, itafutiwe sababu. Kabla ya kukoma, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo kwa miaka kadhaa, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: joto dogo tu inaliona moto, inafungua jasho. Hakuna jini hapo. Alinipima damu pia, ikaonekana imepungua kwa zile siku 20, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Nguvu ziliporudi niliona kuwa nusu ya uchovu niliokuwa nauita uzee ulikuwa upungufu wa damu.

Na mimba bado huingia katika kipindi hiki, msidanganyane. Aliye chini ya miaka 50 aendelee kujikinga miaka miwili baada ya damu ya mwisho, na aliyevuka 50 mwaka mmoja. Jirani yangu alidhani amekoma, leo kitindamimba wake yuko chekechea.

Dawa za homoni zipo, na kwa joto hili hakuna dawa inayozishinda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliwatisha wengi, lakini baadaye ilionekana kuwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 mwenye afya, mara nyingi faida huzidi hatari. Mwenye tumbo lake la uzazi hapewi estrojeni peke yake, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Mimi sikuzitumia kwa sababu zangu ambazo si za kuandika hapa, lakini sitaki mtu aniige. Ukavu wa sehemu za siri nao una krimu yake, muulize daktari na usione haya. Haya ndiyo iliyonipotezea miaka miwili.

Mifupa je? Hedhi ikikoma nayo hudhoofika, na jua huisaidia. Sisi tunatembea na buibui, nyumba zetu kuta nene, vichochoro havioni jua. Kila asubuhi napanda darini kuanika nguo, mikono wazi, na nimerudisha maziwa, ufuta na dagaa wa kuliwa na miiba yao. Jioni natembea kwenda Shela, wanaume wa barazani waseme watakalo.

Dada zangu, msinyamaze! Somo, yule mama wa kutufunda, alitufunza hedhi ya kwanza, akatufunza usiku wa harusi, hakuna aliyetufunza huku mwisho. Jirani mwingine alitoka damu miaka mitatu baada ya kukoma, wakampigia vigelegele eti ujana umerudi. Nilimshika mkono tukaenda hospitali. Damu baada ya kukoma hupimwa hata ikiwa tone, kwa kuwa saratani ya mji wa mimba huanza hivyo. Yeye ilikuwa kinyama tu, kikatolewa. Na tarehe, alipoulizwa, alikuwa nayo. Kwenye daftari.

Langu linaonyesha miezi minane bila damu, joto mara mbili tatu kwa wiki. Kesho nina bibi harusi. Mkobani nimetia koni, piko, leso mbili, kilemba cha kuzuia jasho na feni ndogo ya betri itakayonielekea mimi. Wanaonikodi ni nyumba ile ile ya yule shangazi. Bei nimeongeza.