Wadogo zangu wa turbopropu, betri si ya kuendeshea feni

Wiki iliyopita nilimkuta mmiliki mpya ameketi kwenye ndege yake ya turbopropu, yaani ya injini ya turbini inayozungusha propela, mlango umefungwa, skrini zote zinawaka, feni za kabini zinavuma, anasubiri abiria waliochelewa. Jua lilikuwa linachoma, lakini shati lake lilikuwa kavu. GPU, ile mashine ya umeme ya uwanjani, haikuwa imeunganishwa. Nikagonga dirisha. "Karibu ndani, kaka, huku kuna upepo," akasema. Nikamwomba asome geji ya volti. Akasoma: 23.1. Betri ilikuwa imekwisha kushuka.

Ni kijana makini na nampenda, ndiyo maana nilimkemea. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia tukiwa tumesimama chini ya bawa, pamoja na mengine ambayo jua halikuturuhusu kuyamaliza.

1. Betri ni ya kuwasha injini. Kila dakika ya feni na skrini kabla ya kuwasha unaikopa starta, na deni hilo hulipwa na turbini. Abiria wakichelewa, zima kila kitu, fungua mlango, kaa kivulini. Ukitaka kupoa ndani, omba GPU.

Najua kwa sababu nilishalipa. Nilikuwa na saa 140 kwenye ndege yangu, injini moja ya PT6 puani, na nilikwisha kuamini kwamba naijua. Abiria walichelewa dakika 40. Nilikaa ndani na feni, nikapanga njia upya, nikasikiliza hali ya hewa mara tatu. Walipofika nikawafungia mlango haraka, maana nilitaka injini iwake ili kiyoyozi kianze kufanya kazi na wao wasitoke jasho. Volti sikuitazama. Nilikuwa nimeitazama nilipoingia, ikawa nzuri, na kichwani mwangu ikabaki nzuri.

Nikabonyeza starta. Ng, yaani kasi ya kompresa kwa asilimia, ikapanda kwa uvivu: 8, 10, 11. Ikafika 12, ikakaa hapo. Kitabu cha ndege yangu kinataka asilimia 13 kabla ya kufungua mafuta. Nikajiambia 12 na 13 ni ndugu, nikasukuma leva ya mafuta.

Mnajua kinachotokea humo ndani. Sehemu kubwa ya hewa inayopita kwenye chumba cha moto ni ya kupoza, si ya kuchomea mafuta. Kompresa ikizunguka polepole, hewa inapungua lakini mafuta yanakuja palepale. Ule mguno wa kuwaka ukasikika kama siku zote, kisha ITT, joto la ndani ya turbini, ikaanza kukimbia: 600, 750, 900. Mkono wangu haukuwa kwenye leva. Nilikuwa nimeuinua kurekebisha hedseti iliyokuwa ikinibana sikio. Kuurudisha kulichukua labda sekunde mbili, na namba zilikwisha kuwa nyekundu.

Nikakata mafuta, na papo hapo nikafanya kosa la pili: niliachia na starta. Utaratibu nilikuwa nimeukariri vizuri kabisa. Kata mafuta, acha starta iendelee kuzungusha ndani ya muda wake ili hewa itoe moto ule. Lakini mwili ulikuwa umeshtuka na ukataka kila kitu kinyamaze. Joto likabaki limejifungia ndani, na mimi nikalitazama likikaa juu, kisha likishuka polepole mno.

Nyuma yangu mtu akauliza, "Kuna tatizo, rubani?" Nikajibu, "Betri tu." Nilidanganya, na sikuhitaji hata sekunde moja kuutafuta uongo huo. Nikaomba GPU. Ikaja, injini ikapoa, nikawasha tena, ikawaka kwa upole kama haijawahi kuguswa na moto. Geji zote kijani. Nikafungua ukurasa wa kumbukumbu za injini, nikaona 1,042 na sekunde 8. Kikomo changu cha kuwashia ni nyuzi 1,000 kwa sekunde tano. Nikaufunga ule ukurasa.

Nasema kweli mbele yenu: nilikuwa naondoka. Mkono ulikuwa kwenye breki. Nje alikuwa amesimama fundi aliyeleta GPU, kebo bado mkononi, anatazama bomba la moshi. Alikuwa amesikia jaribio la kwanza. Akainua uso akanitazama, akapitisha kidole shingoni: zima. Hakujua namba yoyote, alikuwa na masikio tu. Nikazima. Laiti angekuwa amegeuka kukunja kebo yake wakati ule, ningepaa na watu watatu nyuma yangu.

Siku tatu baadaye waliingiza kamera ya boroskopu, na baada ya kufungua sehemu ya moto fundi mkuu aliniwekea blade moja ya turbini kiganjani. Ni ndogo, inatoshea vizuri kati ya vidole. Ukingo wake ulikuwa umelegea na kukunjamana kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa, na rangi yake ya kijivu ilikuwa imegeuka buluu upande mmoja. Ndege ilikaa chini wiki 11. Bima hawakulipa, na walikuwa sahihi. Hao abiria niliwapigia simu mmoja mmoja kuwaambia kwamba haikuwa betri tu.

Kwa hiyo ukiniona nagonga dirisha lako, usinune. Yule kijana alizima, tukasubiri GPU, akaweka mkono kwenye leva na hakuuondoa mpaka Ng ilipotulia. Joto lake halikufika hata 750.

2. Elekeza pua kwenye upepo kabla ya kuwasha. Upepo wa mkia hurudisha moshi wa moto kule unakotoka.

3. Raha ya hewani ni jambo jingine kabisa, na hiyo msiionee aibu. Wapo wanaodhani rubani hodari ni yule anayevumilia. Saa nne peke yako kwenye kiti kibaya zinakuharibia mkaribio wa mwisho wa kutua. Rekebisha kiti mpaka kisigino kilale sakafuni na mguu ufikishe pedali mwisho bila kunyoosha mgongo. Nunua hedseti nzuri yenye kuzima kelele, kwa sababu mngurumo wa propela huchosha hata usipousikia tena. Kunywa maji, na panga mapema namna ya kuyatoa. Wengi huacha kunywa ili wasibanwe, halafu wanatua wakiwa na kichwa kinachogonga na kulaumu jua.

Na kumbukeni kwamba kabini ina mlima wake. Pilatus PC-12 ikiwa futi 30,000 na tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ndani na nje ya psi 5.75, nyinyi ndani mnavuta hewa kama ya mlima wa karibu futi 10,000. Hiyo siyo hatari, lakini inachosha, na usiku macho huanza kupungukiwa mapema zaidi, tangu kama futi 5,000. Mimi safari ndefu za usiku nakaa chini kidogo nikachoma mafuta zaidi. Rafiki zangu wananiambia napoteza. Nafika nikiwa naona vizuri.

4. Baada ya kutua, ipe injini dakika zake mbili za mwendo mdogo kabla ya kuzima, na ukiiacha nje funga propela kwa kamba yake. Propela ya PT6 haijaungana na kompresa, upepo huizungusha usiku kucha bila presha ya oili. Fungeni na vifuniko, maana ndege wa kweli hupenda kujenga humo.

5. Barakoa ya oksijeni. Hili naliweka mwisho na ndilo linaloninyima usingizi nikiwatazama. Tarehe 5 Septemba 2014, ndege ya TBM 900, turbopropu ya injini moja, ilitoka Rochester, New York, kwenda Florida. Ikiwa futi 28,000 rubani aliomba kushuka hadi 18,000 kwa sababu ya kiashiria kisicho sawa. Sauti yake ilikuwa tulivu. Hakutangaza dharura. Alipewa 25,000 kwanza, akashuka, na baadaye, kwa kukosa oksijeni, hakujibu tena. Ndege iliendelea yenyewe mpaka ikaanguka baharini kaskazini mwa Jamaika na watu wake wawili.

Alikuwa rubani mwenye uzoefu kuwashinda wengi wetu. Kwenye futi 25,000 bila oksijeni mnapewa dakika tatu hadi tano za akili timamu, kwenye 30,000 moja hadi mbili, na hewa ikitoka ghafla hata hizo hukatwa nusu. Kwa hiyo mwanga wa onyo la mgandamizo wa kabini ukiwaka, vaa barakoa kwanza, tangaza dharura, shuka, kisha ndiyo uulize kuna nini.

Nimewauliza vijana watano mwezi huu wanionyeshe wanavyoivaa barakoa. Watatu walitafuta kwa macho ilipo. Mmoja aliivaa juu ya miwani na hedseti, akakwama. Keti chini, injini imezimwa, fumba macho, nyoosha mkono uichukue, ivae, kisha ongea kwenye maikrofoni yake mpaka mtu wa nje akusikie. Rudia kesho.